Lehemu

Baba yangu ni fundi wa kulehemu, Wete, nyuma ya soko:
birika, karai, koroboi zilizotoboka.
Kwa hivyo nesi aliposema, "Lehemu yako imepanda, Raya,"
nilicheka mbele yake.
Nani kaniunga? Wapi nilivuja?

Alikwisha kunihesabu uso,
kwa ncha ya kalamu isiyogusa ngozi,
paji, mashavu, kidevu, mpaka pale taya linapogeuka shingo.
Arubaini na moja. Akaandika.
Sikuwahi kutazamwa muda wote ule
na mtu asiyenipa dawa.

Maana dawa nimepewa. Liwa, manjano, maji ya mchele,
mate ya alfajiri kabla sijasema na mtu,
ndimu iliyoniwasha mpaka nikaona nyota.
Bi Mkasi wa nyumba ya pili kasema nikiolewa zitaisha.
Bibi yeye huzichanganya makusudi na yule jini wa majini:
"Chunusi wa baharini huvuta mguu,
wa usoni huvuta macho ya watu.
Wote wawili, ukipapatika, unazama."

Siku ya kutolewa damu nilikwenda na njaa kama nilivyoamriwa.
Uongo. Nilipitia kwa Salhina,
katlesi mbili, chai ya maziwa,
nikajipangusa mdomo kwa ncha ya mtandio.
Mashine ikaizungusha damu yangu, ikanguruma, ikanyamaza.
Kombo wa maabara akakiinua kichupa dirishani:
chini wekundu umejilaza, mzito, umeshiba;
juu, pahala pa maji ya kimanjano,
tui.
Wallahi tui, lile la kuchuja mara ya pili.
"Umekula," akasema. Wala hakuuliza.

Nikarudi kesho yake na njaa ya kweli.
Tui lilikuwa limekwenda zake,
namba zilikuwa bado zimesimama juu ya mstari.

Nikamuuliza: basi ndiyo haya yanayonitoka usoni?
Bajia za magharibi, chipsi za mafuta ya juzi,
samli juu ya mkate,
huingia damuni, hutafuta tundu, huchungulia shavuni?
Kombo akajikuna kisogo.
Ngozi, akasema, ina jiko lake,
hupika mafuta yake, haiendi kuomba kwa jirani.
Huenda sukari inachochea kuni. Huenda maziwa.
Huenda na hiyo lehemu ina neno lake.
"Wapo wenye damu safi na uso umeharibika,
wapo wenye uso kama yai, ukiwapima, samli tupu.
Tunahesabu ili tujue, Raya. Hatujajua."

Jioni nikamsimulia baba.
Birika la Bi Mkasi lilikuwa magotini mwake,
akavivia makaa, akangoja risasi ilainike.
"Lehemu si adui," akasema.
"Bila yake pasingekuwa na birika zima Wete hii.
Ila ikizidi mdomoni, chai haitoki."
Akaridhika na maneno yake.
Akajimiminia kikombe,
kijiko kimoja cha sukari, viwili, vitatu,
cha nne kimejaa kichuguu,
akammega mkate wa kumimina kwa samli, akafumba macho.
Mwanga wa makaa ukamwangaza uso wake,
laini, haukuwahi kutoka hata kipele cha joto.

Nikaacha kusikiliza.
Nikatazama mshipa wa shingo yake.

Jumatatu tulikwenda wawili, na njaa,
yeye akinung'unika njia nzima kwamba hana chunusi.
Kombo akakiinua kichupa cha baba dirishani,
akakigeuza, akakigeuza tena,
akaufunga mlango.

Zangu sasa ni thelathini na tatu,
au thelathini na tano, nimepoteza hesabu.
Kioo nimekigeuzia ukutani.
Nahesabu vijiko.